Hema la kununua kwa safari ya siku kadhaa mlimani: kuanzia la kwanza hadi la kuachwa dukani

Marafiki wanne wakikubaliana kupanda mlima na kulala kambini siku nne tano, wazo la kwanza kuhusu hema huwa lile lile: tuchange, tununue moja kubwa, tulale wote pamoja. Likataeni mapema, kabla mchango haujaanza kukusanywa. Kundi la wanne linunue mahema mawili ya watu wawili wawili. La sita linunue matatu. Upangaji wote ulio hapa chini umejengwa juu ya msimamo huo, kwa hiyo niueleze kwanza.

Mlimani ardhi tambarare ni haba. Mnaweza kufika kambini jioni mkakuta vijisehemu tu katikati ya mawe na mizizi, kila kimoja kikitosha watu wawili kujinyoosha. Hema dogo litaingia humo. Hema la wanne linataka kiwanja, na kiwanja kikikosekana mtalala kwenye mteremko, wote mkiporomokea upande mmoja usiku kucha. Halafu kuna upepo. Msukumo wake hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, hema linasukumwa mara nne. Ukuta mrefu na mpana ndio unaoumia.

Sababu iliyo nzito kuliko hizo ni kwamba kundi linaweza kulazimika kugawanyika. Mwenzenu akianza kuumwa kichwa, kutapika na kuyumba kwa sababu ya mwinuko, tiba ya uhakika ni kushuka, na hapaswi kushuka peke yake. Mkiwa na hema moja, ama wanaoshuka au wanaobaki watakosa pa kulala. Mkiwa na mawili, kila upande una nyumba yake. Kwa sababu hiyo hiyo, kila jozi ibebe hema lake lote: mmoja fito na vigingi, mwingine vitambaa. Kutawanya vipande vya hema moja kwa kundi zima ili kusawazisha mizigo ni hatari, maana mwendo wa watu haulingani, na ukungu ukishuka mnaweza kupotezana kwa saa kadhaa.

Tena safari ikiisha, hema la wawili lina mwenyewe na lina kazi. Hema la mchango hubaki stoo kwa mmoja wenu, na wengine huona haya kuliomba.

Nafasi ya kwanza: la watu wawili, umbo la kuba, tabaka mbili, linalojisimamia

Hili ningemshauri mtu yeyote alinunue, hata kama siijui safari yake kwa undani. Fito mbili au tatu hupishana na kukivuta kitambaa mpaka hema likasimama kabla ya kigingi hata kimoja kupigiliwa. Faida yake mtaiona mkifika kwenye mwamba mtupu au changarawe isiyoshika kitu: mnalisimamisha, mnalisogeza mpaka mpate mahali, kisha mnafunga kamba kwenye mawe makubwa. Lakini msidanganyike kwamba linalojisimamia halihitaji kufungwa. Hema tupu likidakwa na upepo huruka na kubingirika, na mlimani likienda limekwenda. Tupieni mzigo mzito ndani mara tu linaposimama, ndipo mwendelee na kamba.

Tabaka mbili maana yake ni chumba cha ndani chenye wavu, na kifuniko cha nje kisichoguswa na chumba hicho. Watu wawili waliolala hutoa mvuke mwingi kwa pumzi na jasho, na mvuke ukigusa kitambaa baridi hugeuka matone. Mlimani jambo hili huzidi, kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mnapopanda mita 1,000. Kwenye hema la tabaka mbili, matone hushika kifuniko cha nje na kuteremka hadi chini, na wavu unawatenga nayo. Kwenye tabaka moja yatadondokea mifuko ya kulalia, na mfuko wa manyoya ya bata ukilowa hupoteza sehemu kubwa ya joto lake. Ndiyo sababu naiweka hewa mbele ya uzito: tafuta hema lenye matundu ya hewa juu, yanayoweza kuachwa wazi hata mvua ikinyesha.

Uzito wa kilo 1.5 hadi 2.5 unafaa. Ukigawanywa kwa wawili, kila mmoja habebi hata kilo moja na nusu. Chini ya hapo bei hupanda haraka, na kitambaa huwa chepesi kiasi kwamba jiwe moja lenye ncha linatosha kukiharibu. Kilo 3 na zaidi, acheni, labda mizigo ichukuliwe na wapagazi. Hata hapo yupo mtu anayeubeba uzito huo mgongoni, na mnunuzi anapaswa kumfikiria.

Sharti langu lisilo na mjadala ni milango miwili. Hema la mlango mmoja mwishoni huwa na bei ya chini kidogo, na watu wanaona ni akiba. Mwinuko unawafanya watu wakojoe mara nyingi zaidi usiku. Kila anayetoka atampanda mwenzake, atamwamsha, na asubuhi wote wawili wamechoka kabla ya kufunga mabegi. Milango miwili pia inaleta vibaraza viwili, kila mtu na chake, cha kuwekea buti zenye tope na begi lililolowa. Kibaraza kiwe kipana cha kutosha begi kubwa na bado mlango ufunguke.

Upana wa sakafu upimeni miguuni, si kichwani tu. Godoro la kambini la kawaida lina upana wa sentimita 51, kwa hiyo mawili yanataka 102. Yale mapana yana 64, na mawili yanafika 128. Mahema mengi ya wawili yana karibu sentimita 130 upande wa kichwa kisha hupungua kuelekea miguuni, kwa hiyo magodoro mawili mapana yatapandana. Neno "wawili" kwenye lebo lina maana ya miili miwili iliyolala bega kwa bega bila mzigo wowote ndani.

Fito ziwe za alumini. Za faibaglasi ndizo zinazofanya hema liwe rahisi dukani, lakini ni nzito zaidi, na zikizidiwa hupasuka nyuzi nyuzi na kuchana kitambaa. Ufito wa alumini mara nyingi hupinda kwanza, na mahali palipopinda au kuvunjika huvishwa kijibomba kifupi, kikafungwa kwa utepe wa gundi, safari ikaendelea. Kijibomba hicho kama hakikuja na hema, kinunueni siku hiyo hiyo.

Yapo mahema yanayojisimamia nusu, yaani upande wa kichwa una fito na upande wa miguu unategemea vigingi. Ni mepesi kidogo na bado nayaweka katika nafasi hii hii, ilimradi njia yenu haina kambi nyingi za mwambani.

Nafasi ya pili: la watu watatu

Kama mko watano, nunueni moja la watatu na moja la wawili, si mawili ya wawili na moja la mtu mmoja. Mtu anayelala peke yake ndiye ambaye wenzake hawatajua usiku kwamba hali yake imebadilika. Hema la watatu pia linawafaa wawili wenye miili mikubwa au magodoro mapana. Uzito unaongezeka kidogo tu, mara nyingi gramu 300 hadi 600 juu ya lile la wawili la aina hiyo hiyo.

Nafasi ya tatu: linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea

Hapa hakuna fito kabisa. Fimbo zile zile mlizoegemea mchana ndizo nguzo za usiku. Uzito unaweza kushuka chini ya kilo moja kwa watu wawili. Kwa kundi linalobeba kila kitu lenyewe kwa siku nyingi, akiba hiyo ni kubwa na inaonekana magotini wakati wa kushuka. Nimeliweka la tatu kwa sababu linadai ujuzi. Bila vigingi vinavyoshika, halisimami. Fimbo ikivunjika mchana, usiku hamna nguzo. Na mkitaka kuacha kambi ikiwa imesimama mwende kileleni na kurudi, fimbo zitabaki kushikilia hema wakati mnazihitaji njiani. Anayelitaka afanye kwanza mazoezi kwenye udongo mgumu na kwenye mvua.

Ya nne na ya tano: la handaki, na la kuba la misafara

Hema la handaki lina fito zilizopinda sambamba, na kwa uzito wake linatoa nafasi kubwa kuliko umbo lolote. Linafaa pale penye udongo mzuri na upepo wa upande mmoja, mkia ukielekezwa upepo unakotoka. Upepo ukigeuka na kulipiga ubavuni, linayumba. Kwenye mawe linasumbua.

La misafara ni kuba yenye fito nne au zaidi zinazokatana mahali pengi. Fikra yake inatokana na makuba ya mhandisi wa Marekani Buckminster Fuller, na kampuni ya The North Face ilitoa hema la kwanza la namna hiyo, Oval Intention, mwaka 1975. Kwa theluji na dhoruba za juu sana hakuna linalolizidi. Lakini ni zito, bei yake ni kubwa, na kwenye hali ya hewa ya kawaida hewa haipiti vya kutosha ndani. Lebo ya "misimu minne" isiwavute kama hamwendi kulala thelujini.

Turubai

Kama kitanda cha usiku wa mlimani kwa kundi lisilo na uzoefu, silipendekezi: wadudu, mvua ya upande na baridi vyote vinaingia. Lakini kundi likinunua turubai moja jepesi la pamoja, lenye gramu 400 hivi, litakuwa limepata sebule na jiko. Hicho ndicho kitu pekee ambacho ningeunga mkono mchango wake. Mtapika na kula pamoja chini yake mvua ikinyesha, na hakutakuwa na kishawishi cha kuwasha jiko ndani ya hema. Jiko hemani linaua kwa njia mbili: kitambaa huwaka kwa sekunde chache, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Ya mwisho: hema la familia na lile linalofunguka lenyewe

La familia, refu la kusimama wima, ni zuri likifikishwa kwa gari. Lile linalofunguka lenyewe likirushwa, mkilikunja huwa duara pana lisiloingia begini, na kila upepo utalivuta mkiwa njiani. Yote mawili hayafai mlimani kwa bei yoyote.

Namba za kwenye lebo

Uwezo wa kuzuia maji hutajwa kwa milimita: ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla ya kupenyeza. Kifuniko cha milimita 1,500 kinatosha mvua nyingi kikiwa kimekazwa vizuri. Sakafu itake zaidi, kwa sababu goti au kiwiko husukuma maji kwa nguvu kuliko mvua. Namba kubwa hazisaidii kama mishono haijazibwa, kwa hiyo geuzeni kitambaa mkague utepe wa mishononi wote.

Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda, kitambaa ni kinene. Kati ya nailoni na poliesta, mimi huchagua poliesta kwa kifuniko cha nje. Nailoni ina nguvu zaidi ya kuvutwa, lakini ikilowa hulegea, na mtatoka usiku kukaza kamba. Poliesta pia huvumilia jua vizuri zaidi, na jua la mlimani ni kali: miale ya urujuanimno huongezeka takriban asilimia 10 kila mita 1,000.

Kama mnanunua lililotumika, linuseni. Harufu kali ya uvundo, na kitambaa kinachonata mkononi, ni dalili kwamba lilihifadhiwa likiwa bichi na utando wa kuzuia maji umeanza kuoza. Halitengenezeki. Kagueni pia zipu kwa kuzifungua na kuzifunga mara kadhaa kwenye kona, ndipo zinapoharibika kwanza.

Turubai dogo la kutandika chini ya sakafu likatwe liwe dogo kuliko hema kwa vidole viwili kila upande. Likichomoza nje litakusanya mvua na kuipeleka chini yenu.

Vigingi vinavyokuja na hema mara nyingi ni waya tu. Badilisheni nusu yake kwa vya alumini vyenye mbavu tatu, ongezeni viwili vya akiba na mita kumi za kamba nyembamba. Kisha lisimamisheni nyumbani mara mbili: mara ya kwanza mchana, ya pili usiku mkiwa na glavu na taa za kichwani, kila jozi kwa hema lake.