LineageOS na Magisk kwenye Pixel 4a: kusakinisha ni mara moja, kusasisha ni kila wiki

Miongozo mingi ya kuruti simu, yaani kujipa mamlaka ya juu juu ya mfumo wake, huishia pale nembo ya mfumo mpya inapotokea kwenye skrini. Hapo ndipo kazi inapoanza. LineageOS, mfumo huria wa Android unaochukua nafasi ya ule wa kiwandani, hutoa toleo jipya karibu kila wiki kwa simu inazoziunga mkono, na kila sasisho hufuta kiraka kilichompa Magisk, programu ya kuruti, mamlaka hayo. Tathmini hii inaangalia hilo zaidi: bidhaa mbili nzuri za bure, na mahali zinapogongana.

LineageOS ilizaliwa Desemba 2016 baada ya CyanogenMod, mfumo ulioitangulia, kufungwa. Toleo linalozungumziwa hapa ni la 22, lililojengwa juu ya Android 15. Magisk yeye hagusi faili za mfumo. Anabandika kiraka kwenye faili ya kuwashia simu, ile boot.img, na kutoka hapo anafungua njia ya ruti na ya moduli, yaani viongezi vinavyobadilisha mfumo. Simu tuliyoichagua ni Google Pixel 4a ya 2020, ile ya 4G yenye RAM ya GB 6. Google haiitolei tena matoleo mapya ya Android, huku LineageOS ikiendelea nayo.

Anayenunua iliyotumika aangalie mambo mawili kabla ya kutoa pesa. La kwanza ni Ufunguaji wa OEM, ruhusa ya kufungua butiloda, programu inayoiwasha simu kabla ya mfumo. Ingia Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, kisha fungua Chaguo za wasanidi. Swichi ya Ufunguaji wa OEM ikiwa imefifia, unganisha simu na intaneti usubiri kidogo, kwa sababu Pixel huuliza seva kwanza. Ikibaki imefifia hata baada ya hapo, yaelekea simu iliuzwa Marekani na Verizon, na butiloda yake haifunguki. Fundi akikuahidi kuifungua kwa elfu kadhaa, usimsikilize; mrudishie muuzaji simu yake. La pili ni betri: Januari 2025 Google ilitoa sasisho la Pixel 4a lililopunguza uwezo wa betri za baadhi ya simu hizo kwa ajili ya utulivu wake. Betri ya kiwandani ni mAh 3140 tu, kwa hiyo ikipungua utaishi na chaja mfukoni.

Usakinishaji wenyewe unahitaji kompyuta, waya wa USB unaopitisha data (nyingi za mezani sokoni huchaji tu), na zana za adb na fastboot kutoka Google, za kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta. Simu iwe imefika Android 13 ya kiwandani kwanza, maana LineageOS haileti programu dhibiti (firmware) zote. Inategemea zile zilizomo. Hamisha picha na mazungumzo yako, kwa sababu kufungua butiloda kunafuta kila kitu. Ndani ya Chaguo za wasanidi washa Ufunguaji wa OEM na Utatuzi wa USB, zima simu, shika kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia, kisha kwenye kompyuta andika:

fastboot flashing unlock

Thibitisha kwa vitufe vya simu. Baada ya hapo ukurasa wa Pixel 4a kwenye tovuti ya LineageOS unaorodhesha faili za siku husika; pakua boot.img uiflashi, yaani uiandike kwenye simu, kwa amri ya fastboot flash boot boot.img. Kwenye simu hii rikavari, sehemu ya matengenezo na usakinishaji, imo ndani ya boot, kwa hiyo usihangaike kutafuta kizigeu (sehemu ya hifadhi) cha rikavari, hakipo. Ingia rikavari, fomati data, halafu chagua kupokea faili kupitia ADB.

Hapa kuna hatua ambayo watu huiruka. Hifadhi ya Pixel 4a ina pande mbili za mfumo, A na B, na upande usiotumika unaweza kuwa na programu dhibiti za zamani. Faili dogo la copy-partitions, linalopatikana kwenye ukurasa huohuo wa maelekezo, linanakili upande mzima kwenda wa pili. Litume kwanza kwa adb sideload, kisha ndiyo utume zip ya LineageOS. Usiogope amri ikikatika kwenye asilimia 47. Mara nyingi hiyo ni tabia ya adb na kazi imekamilika salama. Soma skrini ya simu, siyo ya kompyuta.

Anayetaka Play Store atume MindTheGapps, furushi la programu za Google, ya arm64 (aina ya kichakato cha simu hii) inayolingana na Android 15. Lazima rikavari iwashwe upya kati ya LineageOS na MindTheGapps, ndipo simu ihamie upande uliosakinishwa. Usipofanya hivyo programu za Google zinaingia upande usio wake na utazitafuta bila kuziona. Rikavari italalamika kwamba saini haikuthibitishwa. Hilo ni la kawaida kwa faili isiyosainiwa na LineageOS, kubali uendelee. Na zote ziingie kabla ya simu kuwaka kwa mara ya kwanza. Ukizichelewesha itabidi ufomati tena.

Magisk ni kazi fupi. Sakinisha APK yake, weka kwenye simu boot.img ya toleo lilelile ulilosakinisha, bonyeza Install, kisha chagua faili hiyo ibandikwe kiraka. Inatoka faili inayoanza na magisk_patched kwenye folda ya Download. Ihamishie kwenye kompyuta. Usiiflashi moja kwa moja. Andika fastboot boot ikifuatiwa na jina la faili, simu iwake nayo kwa muda tu, halafu ndani ya Magisk chagua Direct Install. Kukiwa na kosa, kuwasha upya kunatosha kukurudisha ulikotoka. Hatua moja ya ziada, lakini ndiyo inayookoa usiku.

Sasa sasisho. Kitu cha kusifiwa LineageOS ni kwamba masasisho yake ni mafurushi kamili. Android ya kiwandani kwenye Pixel hupokea vipande vya tofauti tu, navyo hupima kizigeu kilichopo kabla ya kuandika. Kikiwa na kiraka, vinakataa, na ndiyo maana waliorutisha Android ya kiwandani hulazimika kurejesha boot.img asilia kila mara. LineageOS inaandika upande wa pili mzima bila kujali umeugusa nini. Gharama yake ni bando: karibu GB 1 kila mara. Asiye na Wi-Fi asisasishe kila wiki. Mara moja kwa mwezi, baada ya viraka vya usalama kuingia, inatosha kabisa.

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake hauchezewi. Fungua Mipangilio, Mfumo, kisha Updater. Pakua, sakinisha, na usubiri mpaka kitufe cha kuwasha upya kitokee. Usikibonyeze. Fungua Magisk, bonyeza Install, chagua mstari unaosomeka “Install to Inactive Slot”, na uiache ibandike kiraka kwenye upande mpya. Ikimaliza, washa simu upya kwa kitufe cha Magisk mwenyewe. Ukifungua Magisk kabla Updater haijamaliza, kiraka kinaandikwa halafu sasisho linapita juu yake, na unaamka bila ruti huku ukiapa kwamba ulifuata maelekezo.

Programu za Google hazina usumbufu huo. MindTheGapps huacha hati yake ndani ya mfumo, na LineageOS huiendesha wakati wa sasisho ili ijihamishe yenyewe. Magisk aliyeingia kwa kiraka cha boot anategemea kidole chako. Kwa bidhaa iliyokomaa kiasi hiki, kukosekana kwa onyo lolote kwenye Updater ni kasoro, japo inaeleweka: LineageOS haiungi mkono ruti siku hizi.

Kidole kikitangulia akili na simu ikawaka bila ruti, hakuna kilichopotea. Data ipo, moduli zipo zimelala. Pakua boot.img ya toleo jipya, ibandike kiraka, iwashe kwa fastboot boot, Direct Install, basi. Kosa linaloumiza ni kutumia faili ya kiraka ya wiki zilizopita kwa kuwa bado imekaa kwenye kompyuta. Boot.img hubeba keneli, kiini cha mfumo, na moduli za keneli za kioo na Wi-Fi zinakaa kwenye kizigeu kingine; zisipolingana, simu inawaka vizuri lakini kioo hakisikii kidole, au Wi-Fi inajizima kila ukiiwasha. Wengi hukimbilia kwa fundi kubadilisha kioo. Flashi boot.img sahihi kwanza.

Simu ikikwama kwenye nembo baada ya kuongeza moduli, shika kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka. Magisk ataingia hali salama na kuzima moduli zote. Kama Utatuzi wa USB uliachwa wazi na kompyuta yako imeruhusiwa, kuna njia nyingine:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Hii inazifuta kabisa, kwa hiyo hali salama ijaribiwe kwanza.

Kuruka toleo kubwa, tuseme kutoka 21 kwenda 22, hakufanyiki kupitia Updater. Unarudi rikavari na kutuma LineageOS mpya kwa sideload, unawasha rikavari upya, unatuma MindTheGapps ya Android mpya, bila kufomati data. Moduli zizimwe zote kabla ya safari. MindTheGapps ya Android ya zamani ikiachwa pale, ujumbe wa huduma za Google zilizosimama utajaza skrini mpaka uchoke. Na kama uliwahi kuweka LineageOS isiyo rasmi, jua kwamba saini zake ni tofauti na za rasmi, kwa hiyo kuhamia rasmi ni kufomati. Usije ukafunga butiloda tena ukiwa na kiraka ndani. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuigeuza simu kuwa tofali.

Kamera inayokuja na mfumo, Aperture, inapiga picha za kawaida tu. Weka kamera ya Google, iitwayo Pixel Camera, kutoka Play Store, tofauti inaonekana hasa usiku. Kasi ya mfumo haina lawama.

Programu za benki na za pesa za simu ndizo zinazoamua kama seti hii ni yako. DenyList ya Magisk huficha ruti kwa programu utakazozichagua, lakini haifichi butiloda iliyo wazi, na kipimo cha Play Integrity cha Google kinauliza butiloda hasa. Zipo moduli zinazojaribu kukidanganya. Hufanya kazi wiki mbili tatu, kisha Google inaziba, kisha inatafutwa nyingine. Programu iliyofunguka Jumatatu inaweza kukukatalia Alhamisi ukiwa kwenye foleni dukani. Kwa mtumiaji wa Tanzania au Kenya upo mlango usiokagua chochote kati ya hivyo: *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom, au *334# ya Safaricom, hupita kwenye laini yenyewe na haijui kama simu imerutiwa. Anayelipa kwa njia hiyo hatapungukiwa. Anayehitaji programu ya benki kila siku aweke LineageOS bila Magisk na aijaribu kwanza kwa wiki nzima, kwa sababu hata hapo butiloda bado iko wazi.