Nimetoa pointi kwenye Land Rover ya baba, nimefunga mfumo wa elektroniki

Gari ni Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Baba alilitumia miaka mingi shambani Iringa, sasa liko kwangu. Muda wote huo distributa yake ya Lucas, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi, ilikuwa na pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke, na yeyote aliyeshika usukani ilibidi ajue kuzipiga msasa.

Kilichonifikisha mwisho ni mlima Kitonga. Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro na mama, Ruaha Mbuyuni tukapakia magunia mawili ya vitunguu. Katikati ya mlima injini ikaanza kumisi, kabureta ikapiga mlipuko, gari likazima kwenye kona huku malori yako nyuma yetu. Mama akashuka, akakata matawi akayapanga barabarani. Mimi nikafungua kava ya distributa kwa tochi ya simu. Nyuso za pointi zilikuwa zimeungua zimekuwa za bluu, na fila geji, bamba jembamba la kupimia pengo lao, ya milimita 0.40 haikupenya kabisa. Pointi hizo zilikuwa na wiki tatu tu! Nilizikwangua, nikakadiria pengo, tukafika nyumbani saa nne usiku.

Anayeendesha gari la zamani anajua tatizo lilipo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka na kufunga mara 100 kila sekunde. Kisigino cha pointi kinachosugua kemu, ile shafti yenye kona inayozifungua, kinalika, pengo linapungua, cheche inachelewa. Na kondensa, kifaa kidogo kinachozilinda pointi zisiungue, ikiwa dhaifu, pointi zinaunguzwa na cheche yao wenyewe. Kondensa za siku hizi zimenitesa kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hili.

Nilichonunua ni moduli ndogo inayokaa ndani ya distributa, pale pale palipokuwa na pointi. Pete yenye sumaku nne inavalishwa kwenye shafti chini ya rota, na kila sumaku inapopita mbele ya moduli, umeme wa koili, ile inayoukuza umeme wa betri uweze kutoa cheche, unakatwa na plagi inapata cheche. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika hapo. Kwa nje huoni tofauti, isipokuwa nyaya mbili, nyekundu kwenda chanya ya koili na nyeusi kwenda hasi. Bei yake ingetosha kununua seti kadhaa za pointi. Kabla hujaagiza, soma namba iliyogongwa kwenye mwili wa distributa, maana moduli ya 25D4 haiingii kwenye 45D4.

Fundi aliifunga kwa chini ya saa moja. Siku ya nne moduli ikafa.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo fundi aliyenifungia hakulipima. Koili yangu haikuwa ya asili. Kuna mtu aliwahi kuweka koili ya omu 1.5, ile inayotakiwa kufanya kazi na rezista, kifaa cha kupunguza umeme. Kwa volti 12 koili hiyo inavuta karibu ampea 8, wakati maelekezo ya moduli yalitaka koili ya omu 3, yaani ampea 4 tu. Moduli ilichemka mpaka ikaungua. Nikanunua nyingine, na koili sahihi safari hii, nikaipima kwa mita kabla ya kuifunga. Nyaya za plagi zenye shaba tupu nazo nikazitoa, nikaweka za kaboni, kwa sababu za shaba zinatoa kelele ya umeme inayoweza kuvuruga moduli. Kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, ikapangwa upya kwa taa ya kupimia. Usiiache ilivyokuwa wakati wa pointi, haitakuwa sawa.

Tangu hapo ni mwaka mmoja na nusu, na sijagusa distributa zaidi ya kufuta vumbi kwenye kava. Asubuhi za Julai, Iringa ikiwa baridi kweli kweli, stata inazunguka mara mbili injini inawaka. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia. Nguvu haikuongezeka, Kitonga bado napanda na gia ya pili, na kwenye mafuta sijaona tofauti ya maana. Anayekuahidi hayo anakudanganya.

Funguo usiiache kwenye "on" injini ikiwa imezima, labda unasikiliza redio. Moduli inapata joto bure. Na betri ikiisha kabisa, usitegemee kusukumwa kama zamani, kwa sababu pointi zilikuwa zinavumilia umeme mdogo ambao moduli haiukubali. Tena moduli ikifa mara nyingi haitoi dalili, inakata tu, na porini huwezi kuikwangua kwa msasa.

Ndiyo maana chini ya kiti cha dereva nina kopo la maziwa ya unga lenye pointi mpya, kondensa iliyojaribiwa, bisibisi na fila geji ya baba. Nimejizoeza kurudisha pointi uani kwangu, gizani, kwa tochi ya simu. Mara ya mwisho ilinichukua dakika ishirini na tano.