Mtu wa Mwanza kwenye bwawa la Rutland: uzoefu wangu

Mimi ni mtoto wa Kirumba, Mwanza. Nimekulia mahali ambapo ukisema "ziwa" hakuna anayeuliza lipi, na ukitazama mbele huoni ng'ambo. Kwa hiyo nilipohamia kijiji kimoja cha katikati ya Uingereza, kati ya Oakham na Uppingham, kwa kazi ya kuhudumia wazee, na wenzangu wa zamu wakaniambia siku ya mapumziko niende "kuona ziwa", nilicheka kimoyomoyo. Nikafungua ramani kwenye simu. Ziwa lenyewe, Rutland Water, ni bwawa la kutengenezwa na watu, na eneo lake halifiki kilomita za mraba 13. Victoria letu ni zaidi ya 68,000.

Tangu siku hiyo nimeshakwenda mara kumi na moja. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliotupwa na kazi kwenye vijiji hivi, hasa asiye na gari, maana maelezo mengi niliyoyakuta yanamdhania kila mtu ana gari, mbwa na baiskeli mbili juu ya paa.

Jina la kijiji changu silitaji. Nyumba zake ni chache kiasi kwamba bahasha ikiandikwa "yule Mtanzania" itanifikia.

Asiye na gari aanzie Oakham. Kituo cha treni kipo, kwenye njia ya Leicester kwenda Peterborough, na kutoka pale hadi kijiji cha Egleton, penye hifadhi ya ndege upande wa magharibi wa bwawa, ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Kutembea ufukweni hakulipiwi. Kinacholipiwa ni maegesho ya magari na kuingia kwenye maeneo ya hifadhi ya ndege, kwa hiyo mwenye miguu ndiye mwenye faida. Njia ya kuzunguka bwawa lote ni maili 23, yaani kilomita 37 ukihesabu na rasi ya Hambleton. Ukiiruka rasi zinabaki maili 17. Usijaribu kuimaliza kwa siku moja kwa miguu kama mimi. Nilifika Normanton mchana, viatu vikiwa vimeshanifanya adui, nikala mkate wangu na mayai nikiwa nimeketi kwenye nyasi mbele ya kanisa ambalo nusu yake imezikwa.

Hilo kanisa lisikupite. Bonde hili lilikuwa na mashamba na nyumba. Walipojenga ukuta karibu na kijiji cha Empingham kuuzuia mto Gwash, na maji yakaanza kujaa katikati ya miaka ya 1970, kijiji cha Nether Hambleton kikaenda na maji, na cha Middle Hambleton karibu chote. Kilichosalia ni Upper Hambleton, kile cha juu ya kilima, ambacho leo kimekaa kwenye rasi kama mtu aliyepanda kwenye kiti akikimbia mafuriko. Kanisa la Normanton nalo sakafu yake ilikuwa chini ya kimo cha maji yaliyotarajiwa. Lilikuwa libomolewe, watu wakalipigania. Basi wakaijaza nusu ya chini mawe, wakamwaga zege juu yake, wakainua sakafu, wakajenga tuta la mawe la kulifikia. Ukisimama karibu unaona kitu ambacho picha hazionyeshi vizuri: madirisha marefu yaliyotakiwa kuwa juu ya kichwa chako yanaanzia kwenye kimo cha goti. Jengo zuri kabisa, ila limekatwa miguu. Siku hizi watu hufungia ndoa pale.

Na maji yenyewe, ambayo nilidhani ni ya ule mto, mengi hayatoki Gwash. Gwash ni kijito. Maji yanasukumwa kwa pampu kutoka mito ya Welland na Nene, yanahifadhiwa hapa, kisha yanakwenda kwenye mabomba ya watu wa Peterborough na kwingineko. Kwa ufupi nimetembea siku nzima kuzunguka tangi. Hata hivyo ndilo bwawa kubwa kuliko yote ya Uingereza kwa eneo; kwa ujazo linazidiwa na Kielder kule kaskazini.

Ndege sasa. Kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Septemba hapa huishi ndege anayeitwa osprey. Mtu wa kwetu mfikirie furukombe, ila huyu ni mwembamba, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na mstari mweusi machoni kama jambazi wa kwenye katuni. Alikuwa ameshatoweka kabisa sehemu hii ya nchi. Mwaka 1996 wakaanza kuleta makinda kutoka Scotland, na 2001 akaanguliwa kifaranga wa kwanza. Ghuba ya Manton ina kiota juu ya nguzo, na vibanda vya kuchungulia viko upande wa Lyndon. Mzee mmoja wa kujitolea alinisogezea darubini yake bila hata kuniuliza kama najua kuitumia.

Nilichoona nitakisimulia polepole. Dume alikuja na samaki. Hakumshika ovyo: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, samaki kalala chini yake kichwa kikitangulia, kama mzigo uliofungwa kwenye keria ya baiskeli ili usishike upepo. Samaki bado anapiga mkia. Akatua pembeni, akaanza kula kichwa kwanza, taratibu, huku jike kwenye kiota akimpigia kelele mfululizo. Alipoumaliza upande wa kichwa ndipo akapeleka kilichobaki nyumbani. Nilicheka peke yangu kibandani. Nimewaona wanaume wa hivyo Mwaloni, soko la samaki la kwetu, wanaopitia kwa mama ntilie kwanza kabla ya kupeleka kitoweo. Yule mzee akaniambia kwamba Septemba wote wanaondoka, kila mmoja peke yake, kwenda Afrika Magharibi, Senegal na Gambia. Nikamwambia na mimi Septemba natamani kuondoka, ila viza yangu haina mabawa.

Hifadhini pia ndiko ilikopatikana ile mifupa ya mnyama wa baharini wa kale, ichthyosaur, mwanzoni mwa 2021 walipopunguza maji kwenye moja ya mabwawa madogo. Urefu karibu mita 10, umri kama miaka milioni 180. Usitegemee kumkuta palepale, walishamfukua na kumwondoa. Lakini walimfukua wenyewe kwa ajili yao wenyewe, jambo ambalo mtu wa Lindi akikumbuka mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyochukuliwa na Wajerumani na sasa imesimama Berlin, anaweza kulifikiria kidogo.

Mabaya yake? Wadudu. Mwezi Mei jioni vile visumbufu vidogo vinavyotoka majini hupanda juu kama moshi, hasa upande wenye miti. Haviumi, lakini ukifungua mdomo umekula. Aliyewahi kuona wingu la wadudu juu ya Ziwa Victoria hatashangaa, ila hakutegemea kulikuta huku. Kiangazi kikikaza huota mwani wa kijani-bluu, vibao vinawekwa, na siku hiyo hakuna kuogelea wala mbwa kunywa. Na kuogelea kwenyewe ni sehemu maalumu tu. Usijitose popote kwa sababu eti kwenu unavuka Capri Point. Maji haya hata Julai yanakubana kifua.

Upande wa kaskazini, Whitwell, ni pazuri kwa wenye watoto na kwa wanaotaka mashua, lakini wikiendi ya jua panajaa mno na mimi hupita haraka. Nasimama tu kwenye kibao cha kijiji, kinachotangaza kuwa Whitwell ni ndugu wa Paris. Inavyosimuliwa, wanakijiji walimwandikia barua meya wa Paris, wakati huo Jacques Chirac, wakimpa tarehe: usipojibu tutahesabu umekubali. Hakujibu.

Lakini nikiambiwa nichague sehemu moja ya kurudi, sitachagua Rutland Water. Nitachagua Eyebrook, bwawa dogo lililo chini ya kijiji cha Stoke Dry, kusini mwa Uppingham. Halina mgahawa wa kukalia kutwa wala baiskeli za kukodi. Lina barabara nyembamba inayofuata maji, kondoo, na wavuvi waliosimama ndani ya mashua kimya kama wako kwenye mtihani. Lilijengwa kwa ajili ya kiwanda cha chuma cha Corby, na Mei 1943 marubani wa Kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza walilitumia kufanyia mazoezi kabla ya kwenda kupiga mabwawa ya Ujerumani. Nilijaribu kupata picha: ndege kubwa za kivita zinashuka usiku juu ya bonde hili ambalo leo kelele yake kubwa ni ya bata bukini.

Pale ndipo nilipomwona mvuvi akimvua trauti wa haja, kilo mbili hazipungui, akamtoa ndoano kwa mkono uliolowa, akamshika tumbo majini hadi apate pumzi, akamwachia. Nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza kwa ustaarabu, kwa nini? Akasema ameshapata raha yake. Nikimsimulia baba kwa simu, alinyamaza kitambo kisha akauliza kama yule bwana ana matatizo nyumbani.

Siku hiyohiyo teksi niliyoagiza mapema haikuja. Saa kumi na moja, saa kumi na mbili, simu inaita tu. Jumapili ile basi sikuliona. Nikapanda kile kilima cha Stoke Dry kwa miguu hadi Uppingham, mvua ya rasharasha inaninyeshea Juni kana kwamba ni msimu. Ukienda Eyebrook bila gari, panga kurudi kwa miguu tangu mwanzo, na ubebe sweta hata kama asubuhi jua linakudanganya.

Kwa Rutland Water, nyota nimetoa nne kati ya tano. Ile ya tano nimewanyima wale wadudu.

Kazini nina bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, ananiita "bata wangu", ambalo huku ni neno la kumbembeleza mtu, msicheke. Mjomba wake alilima kule chini kabla ya maji. Kila nikirudi lazima anihoji nimepita wapi. Nilimwambia nimefika kwenye ile nyumba ya kale, Old Hall, iliyobaki ukingoni mwa maji pale Hambleton. Akafunga macho. "Ukitokea pale," akasema, "unateremka na ukuta wa mawe kushoto, halafu kuna geti, lifunge, ng'ombe watatoka." Nikamwambia sawa bibi, nitalifunga.