Idi Pili Bagamoyo: Babu, Wajukuu na Magofu ya Kaole

Katika familia yetu Idi Mosi ni ya nyumbani na Idi Pili ni ya matembezi. Desturi hiyo niliirithi kwa baba yangu, nami nimeishikilia tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Kwa miaka mingi tulikuwa tukienda ufukweni hapa hapa Dar es Salaam, lakini siku za sikukuu fukwe za jiji hujaa watu hadi mtu mzima hana pa kutandika mkeka, na mwaka jana mjukuu wangu mmoja alitupotea kwa takriban nusu saa. Nusu saa ile sitaisahau. Mwaka huu niliwaomba wanangu tubadili mwelekeo, tuwapeleke watoto Bagamoyo, mahali ambapo wangecheza na pia wangeona kitu cha kuulizia maswali. Ninaandika haya kwa ajili ya wazee wenzangu wanaopanga safari kama hiyo, kwa sababu mengi niliyoyasoma kuhusu Bagamoyo yameandikwa kwa ajili ya wageni kutoka ng'ambo, na mahitaji yetu si sawa na yao.

Tulikuwa watu 14, mdogo kabisa akiwa na miaka 4 na mkubwa kabisa nikiwa mimi mwenye miaka 71. Tulikodi Coaster na kuondoka alfajiri, mara baada ya sala. Kutoka katikati ya jiji hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70, na njia ni ya lami muda wote kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Anayechelewa kutoka nyumbani atakutana na foleni ya Tegeta, na watoto watafika wamechoka kabla hawajaona chochote. Sisi tulifika saa mbili na nusu asubuhi, na nilimwomba dereva asiingie mjini kwanza, bali atupeleke moja kwa moja Kaole, umbali wa kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Mpangilio huo ndio ushauri wangu wa kwanza, kwa kuwa magofu yako mahali pa wazi, na ikishafika saa tano jua la pale si la kumsimamisha mzee wala mtoto mchanga.

Kaole ndipo siku yetu ilipopata uzito. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa ni wa karne ya 13 na miongoni mwa ile mikongwe kabisa katika bara la Afrika Mashariki, pamoja na makaburi zaidi ya 20 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kiongozi aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alituamkia wazee kwanza, mimi na mke wangu, kisha akawageukia watoto na kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi bila kuwakaripia walipomkatiza kwa maswali. Alituonyesha kibla cha msikiti, mahali pa kutilia udhu, na kisima cha maji matamu ambacho kiko karibu sana na bahari. Kisha akatuelekeza upande wa mikoko na kueleza kwamba zamani majahazi yalikuwa yakitia nanga huko, hadi bandari ilipojaa mchanga na mikoko ikaota, na biashara ikahamia Bagamoyo.

Tulipofika kwenye makaburi yenye minara, alituonyesha vishimo vya mviringo vilivyo katika mawe yake. Mjukuu wangu wa kike mwenye miaka 9 aliinua mkono akalinganisha ukubwa wa kimoja kwa hewani, bila kukigusa, kwa kuwa tulikwishaambiwa tusiguse, akauliza nani alitoboa. Kiongozi alimjibu kwamba hapo palipachikwa bakuli za kauri kutoka China, ili kumtukuza aliyelala chini, na kwamba baadhi ya vyombo hivyo tungeviona ndani ya makumbusho madogo yaliyo hapo hapo. Tulipoingia makumbusho, yule mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo, akazitazama kauri zile, akarudi mbio nje kutazama tena kishimo. Hakuna darasa ambalo lingemfundisha jambo hilo kwa namna ile.

Baada ya hapo yule kijana alinifanyia heshima ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Alimsikia mwanangu akisema kuwa babu yao amekulia kisiwani Mafia, akaniomba niwaeleze watoto jinsi chokaa ilivyokuwa ikichomwa. Nilikaa juu ya kigogo chini ya kivuli, nikawasimulia jinsi tulivyokuwa tukipanga magogo kwa mviringo, tukayatandika mawe ya matumbawe juu yake, tukawasha moto kutoka katikati, na jinsi mawe yale yalivyokuwa yakipasuka usiku kucha. Niliwaeleza kwamba baada ya moto kuzima, mawe humwagiwa maji au huachwa yanyeshewe na mvua, yakavunjika na kuwa unga mweupe, na kwamba fundi hodari hakuitumia chokaa mbichi bali aliiacha ikae kwa muda mrefu hadi iive. Watoto ambao nyumbani hawanisikilizi zaidi ya dakika mbili walikaa kimya, kisha wakainuka na kwenda kuitazama upya mistari ya chokaa katika kuta. Kiongozi anayejua kumpa mzee nafasi mbele ya wajukuu zake anastahili kusifiwa, na ninamwombea Mwenyezi Mungu amzidishie.

Pana pia mbuyu mkubwa ambao wenyeji huusimulia kuwa anayeuzunguka huongezewa umri. Wajukuu walinishika mikono, wawili huku na wawili huku, tukauzunguka pole pole. Umri ni wa Mungu, lakini mzunguko ule ulinifurahisha.

Kutoka Kaole tulikwenda kwenye misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Binti yangu mmoja aliuliza kama inafaa kwenda huko siku ya Idi. Nilimjibu kwamba historia ya watu waliofungwa minyororo na kuuzwa utumwani ni yetu sote, na kwamba sijawahi kuona ubaya wa kuingia kwa heshima katika nyumba ya jirani. Unaingia kwa barabara yenye miembe mikubwa pande zote mbili, na ubaridi wa kivuli kile baada ya jua la Kaole ulitupumzisha sote. Makumbusho yamo katika jengo la zamani la masista; ndani mna picha, vifaa vya zamani na pingu za chuma. Nawashauri wazazi wawaandae watoto mapema kuhusu pingu hizo. Mjukuu wangu wa miaka 6 aliuliza kama watoto nao walifungwa, na mama yake hakuwa na jibu tayari. Mimi nilimwambia kweli, kwamba walikuwamo, na kwamba mapadri waliwakomboa baadhi yao na kuwajengea kijiji hapo hapo.

Mnara wa kanisa la zamani ndipo ulipowekwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza, mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka alikofia, katika nchi ambayo leo ni Zambia, hadi pwani. Kwa watoto wangu wakubwa jambo hilo lilikuwa la kitabuni. Kwa wajukuu, kilichowashangaza zaidi ni mbuyu ulio karibu, ambao ulipandwa na wamisionari mwaka 1868. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa aliyefanya kazi pale alifunga mnyororo kwenye shina ili amfunge punda wake, na baadaye mnyororo ukasahauliwa. Mti uliendelea kunenepa ukaumeza, na sasa kinachochungulia nje ya gome ni kipande kifupi tu cha pete za chuma zenye kutu.

Kuhusu chakula sina habari njema. Tulikuwa tumebeba pilau, kachumbari na juisi ya ukwaju kutoka nyumbani, lakini wanangu walitaka samaki wa Bagamoyo, nasi tukaingia mgahawa mmoja ulio karibu na bahari. Tuliahidiwa kwamba samaki watakuwa tayari kwa nusu saa. Tulisubiri saa moja na dakika arobaini, na hakuna aliyetujia kutueleza sababu. Kuchelewa siku ya sikukuu naweza kusamehe, kwa kuwa wateja ni wengi, lakini kumwacha bibi kizee na watoto wenye njaa bila neno la kuwaomba radhi hakufai. Samaki wenyewe walipokuja walikuwa wazuri, wamekaangwa vizuri na ndimu ya kutosha. Ushauri wangu ni kupiga simu na kuagiza asubuhi, au kununua samaki wa kukaanga sokoni karibu na forodha ya zamani, ambako chakula unakiona kwa macho yako kabla hujatoa fedha.

Karavanserai, yaani kituo cha zamani cha misafara ya biashara, tuliipita kwa haraka, na sikuona hasara kubwa, kwa kuwa bila maelezo marefu mtoto huona ua na kuta tu. Jioni tulikaa ufukweni tukitazama mafundi wakigonga misumari kwenye mbavu za jahazi jipya, na vijana wakacheza mpira mchangani. Hapa watoto wasiachwe peke yao majini, kwa kuwa maji kupwa huenda mbali sana na yanaporudi hurudi kwa kasi.

Kwa upande wa gharama, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na watoto hulipa pungufu ya wakubwa; chukueni vitambulisho pamoja na fedha taslimu kidogo. Mwenye magoti mabaya kama mke wangu anaweza kuzunguka Kaole bila shida kubwa, kwa kuwa ardhi ni tambarare, ila avae viatu vya kufunga, maana mizizi na mawe ni mengi. Aje pia na mkeka wake na maji ya kunywa ya kutosha.

Tulirudi usiku, nusu ya gari wamelala. Mjukuu wa miaka 9 hakulala. Alikuwa akiniuliza kama Mafia bado kuna tanuri la chokaa, na kama Idi ijayo ninaweza kumpeleka akalione.