Unanunua kifaa cha kutengeneza vitone maabara? Anza na mafuta

Kila nikiulizwa ni mashine gani ya vitone inunuliwe, jibu langu huanzia kwenye mafuta. Kitone cha maji ndani ya mafuta ndicho chombo chako cha jaribio. Humo mna molekuli moja ya DNA, au seli moja. Kikiungana na jirani yake, jaribio limeharibika, hata kama mashine ni ya mamilioni.

Kwa PCR (kunakili DNA kwa mizunguko ya joto) na kwa seli, nunua mafuta ya florini kama HFE-7500 yaliyokwisha kuchanganywa na safaktanti ya PFPE-PEG, ile "sabuni" inayozuia vitone visiungane. Mafuta hayo hupitisha oksijeni vizuri, kwa hiyo seli hazikosi hewa. Niliwahi kununua chupa ya bei nafuu, muuzaji akaapa kwamba ni yale yale. Vitone vilitoka vizuri mno. Baada ya mizunguko ya joto ya PCR, nikakuta maji maangavu juu ya mafuta: vyote vimeungana. Vikiwa vizima huelea juu, vyeupe kama maziwa, maana mafuta hayo ni mazito kuliko maji. Tena, kampuni ya 3M ilitangaza Desemba 2022 kwamba ingeacha kutengeneza PFAS (kundi la kemikali za florini), HFE-7500 yake ikiwamo, kufikia mwisho wa 2025. Muulize muuzaji mafuta yake sasa yanatoka wapi.

Sasa vifaa. Namba moja kwangu ni chipu iliyo tayari (kipande bapa chenye mifereji myembamba ndani), pamoja na pampu. Chukua ile ambayo mafuta huyabana maji kutoka pande mbili kwenye tundu jembamba. Ukichungulia kwa hadubini unaona ulimi wa maji unaingia, shingo yake inakonda, kitone kinakatika, kingine kipo nyuma yake. Ongeza kasi ya mafuta, vitone vinapungua ukubwa; uhuru huo hakuna mashine ya kaseti (ile unayoiwekea sampuli ikakata vitone yenyewe) inayokupa. Kama fedha inaruhusu, chukua pampu ya shinikizo la hewa. Ile ya bomba la sindano husukuma kwa vihatua, na kwa mwendo wa polepole vitone huanza kupishana ukubwa. Hilo si jambo dogo: kipenyo kikiwa maradufu, ujazo ni mara 8, na hesabu yako yote imepinda. Usisahau vichujio. Uzi mmoja wa koti la maabara ukinasa kwenye tundu, siku yako imeisha.

Ya pili, mashine ya kaseti kama QX200 ya Bio-Rad, inayogawa mikrolita 20 za sampuli kuwa vitone 20,000 hivi. Kama kazi yako ni kuhesabu DNA tu, ipandishe iwe ya kwanza. Ila utabaki kununua kaseti na mafuta yake siku zote, hivyo omba bei ya matumizi ya mwaka mzima kabla ya kulipa, na ujue fundi atatoka mji gani.

Shanga za jeli ninaziweka ya tatu, na nusura niziweke ya pili. Unachanganya sampuli na shanga zenye ukubwa mmoja, unaongeza mafuta, unatikisa tyubu kwenye voteksi. Kila shanga huvishwa maji yake, na ukubwa wa shanga ndio ukubwa wa kitone. Hakuna chipu wala pampu. Kutikisa bila shanga ni rahisi zaidi, lakini hutoa vikubwa kwa vidogo. Usinunue kitu kwa ajili hiyo.

Kujitengenezea chipu za silikoni ya PDMS nakushauri uache mpaka uwe na mwenzako anayeijua kazi hiyo. Kuta zisipopakwa dawa ya kukataa maji, maji hushika ukutani na vitone havikatiki.

Ukienda kwenye seli moja moja, panga fedha ya mafuta upya. Ukipakia kwa wastani wa seli 1 kwa vitone 10, kati ya vitone 100 takriban 90 hutoka vitupu na 9 tu huwa na seli moja. Mafuta ya vile vitupu nayo unayalipia.