Kiki Inayotembea: Mwongozo wa Kununua Dramu Ndogo kwa Jukwaa Finyu

Jumamosi moja, katika ukumbi wa harusi ulioko pembezoni mwa Dar es Salaam, bendi yetu ilipewa kona ya jukwaa isiyozidi ukubwa wa kitanda cha sita kwa sita, kwa kuwa nafasi nyingine yote ilikuwa imechukuliwa na viti vya maharusi, maua ya plastiki, taa na meza ya keki. Sikuwa na wasiwasi, maana wiki mbili kabla nilikuwa nimenunua seti ya dramu ndogo kwa ajili ya kona za namna hiyo hasa. Tulipoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya wimbo wa dansi, ngoma ya besi, ile tunayoipiga kwa mguu na ambayo wengi wetu tunaiita kiki, ilianza kuondoka. Kila pigo liliisogeza mbele kwa upana wa kidole kwenye vigae, nami nikawa naifuata, kwanza kwa kunyoosha mguu, kisha kwa kukaa ukingoni mwa kiti, hadi pete yake, lile duara la ukingoni linalobana ngozi, ilipogusa stendi ya mwimbaji na maiki ikaangukia kwenye keki. MC akatangaza kwamba hata dramu zimekuja kuwatunza maharusi. Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa mama mzaa chema, ambaye ndiye aliyekuwa amelipia keki.

Tangu nilipoanza kukisimulia kisa hicho, wapiga dramu wa harusini, wa hotelini na wa makanisani wameniletea visa vyao vinavyofanana nacho. Mmoja amekuwa akiweka tofali mbele ya kiki kila Jumapili, na amelivisha kipande cha kitenge ili waumini wasilione. Mwingine hufunga kamba kutoka kwenye pedali hadi kwenye nguzo ya kiti chake, ili uzito wake mwenyewe uwe nanga. Mbinu zote mbili ni za zamani na zinafanya kazi, lakini sioni kwa nini mtu aliyetoa fedha nyingi kununua chombo kipya alazimike kukikamata kwa tofali kama gari bovu lililoegeshwa mlimani.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia rangi, wala mng'ao wa vyuma, wala ule mjadala usiokwisha kuhusu mbao ipi ina sauti tamu. Seti zote nitakazozitaja zinasikika vizuri zikipigwa na mtu anayejua kukaza ngozi, na katika kumbi zetu fundi mitambo ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu sauti. Nitakachokipima ni kama kiki itabaki pale ulipoiweka.

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini kiki ndogo hutembea kuliko kubwa. Nyundo ya pedali husukuma ngoma mbele kwa kila pigo, na kinachoizuia ni uzito wake pamoja na msuguano wa vitu vitatu vinavyogusa sakafu: miguu miwili ya mbele na bati la chini la pedali. Kiki ya inchi 22 ina uzito wa kujitegemea, ilhali ya inchi 16 ni nyepesi, na ina tatizo la pili ambalo muuzaji hakuambii. Kitovu chake kiko inchi 8 tu kutoka kwenye pete, yaani kama sentimita 20, wakati pedali nyingi zimetengenezwa zipige juu zaidi ya hapo. Ukiiweka chini moja kwa moja, nyundo itagonga karibu na ukingo wa juu wa ngozi na utapata sauti ya debe. Dawa yake ni kinyanyulio, kipande cha chuma kinachoinua ngoma ili kitovu kiifikie nyundo. Sasa ngoma nyepesi imesimama juu ya kipande chembamba cha chuma na miguu iliyorefushwa, na wewe unaipiga kwa nguvu za sebene, muziki ambao mapigo yake hayapumziki. Tangu Meridjo Belobi, mpiga dramu wa bendi ya Kongo ya Zaïko Langa Langa, alipoutangaza mdundo wa kavacha katika miaka ya 1970, anayepiga muziki wa dansi hawezi kusimama katikati ya wimbo ili aivute kiki irudi mahali pake.

Chunguza basi miguu ya mbele kabla ya kitu kingine chochote. Iwe imeinama kuelekea mbele na nje, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe, na sehemu inayoishikilia kwenye mzinga, yaani mwili wa ngoma, isicheze hata kidogo baada ya kukazwa. Ncha yake iwe na mpira unaoweza kurudishwa nyuma kwa kuuzungusha, ili mwiba wa chuma utokee. Mwiba ni wa zulia na mpira ni wa sakafu tupu. Ukiuweka mwiba kwenye vigae, kiki itateleza hata hivyo, na juu ya hilo mwenye ukumbi atakudai gharama za mikwaruzo. Mpira wenyewe uubonyeze kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama kwato, kama ulivyokuwa wangu, hautashika chochote.

Nafasi ya kwanza naipa Yamaha Stage Custom Hip, na nakiri mapema kwamba nina upendeleo, kwa kuwa ndiyo ninayoipiga sasa na jina hilo nimelizoea tangu nikijifunza kanisani. Kiki yake ina kipenyo cha inchi 20 na kina cha inchi 8 tu. Watu wengi wanaotafuta dramu za jukwaa finyu huangalia kipenyo, wakati kinachokula jukwaa ni kina, kile kipimo cha kutoka kwenye pedali kwenda mbele. Inchi 8 ni kama sentimita 20, na kiki ya kina cha inchi 14 inakaribia sentimita 36; tofauti hiyo inatosha kumwachia mwimbaji mahali pa kuweka miguu. Lakini lililonivutia zaidi ni kwamba kipenyo cha inchi 20 kinakiweka kitovu kwenye kimo ambacho pedali ya kawaida inakifikia bila kinyanyulio, hivyo ngoma inakaa chini kwa miguu yake. Mizinga ni ya mbao ya birch. Tomu, ngoma ndogo ya juu, ni ya inchi 10 kwa 5 (kipenyo kwanza, kisha kina), sneya, ile ngoma yenye nyaya chini yake, ni ya inchi 13 kwa 5, na tomu ya chini ya inchi 13 kwa 8 imewekewa nyaya za sneya, kwa hiyo ukichana ngozi ya sneya katikati ya onyesho unayo ya akiba papo hapo. Mlio wa kiki ni mfupi na mkavu. Anayetaka mvumo mrefu hataupata, na mimi katika kumbi za vigae, ambamo kila kitu tayari kinavuma, sijauhitaji.

Ya pili ni Tama Club-JAM, ambayo ilitoka mwaka 2016. Kiki ni ya inchi 18 kwa 12, tomu ya 10 kwa 7, tomu ya chini ya 14 kwa 7 na sneya ya 13 kwa 5. Kwa inchi 18, kwa pedali nyingi, kuishusha nyundo kidogo kwenye fimbo yake kunatosha, na kinyanyulio unaweza kukiacha nyumbani. Ni nyepesi kubeba, jambo ambalo ni faida kwenye bajaji na hasara jukwaani, kwa hiyo usiinunue bila kutenga fedha za zulia. Kampuni hiyo hiyo inauza ndogo zaidi iitwayo Flyer, yenye kiki ya inchi 14, ambayo ningemshauri anayepiga pembeni ya meza za hoteli kwa sauti ya chini, na si mtu mwingine.

Gretsch Catalina Club, yenye mizinga ya mahogani na kiki ya inchi 18 kwa 14, ingekuwa ya pili kama ningehesabu sauti peke yake. Inapendwa na wapiga jazi, na kwa bendi ya watu watatu kwenye hoteli ya ufukweni sioni ya kuishinda. Naiweka ya tatu kwa sababu ya kina chake.

Baada ya hizo zinafuata zile za kiki ya inchi 16, ambazo nazipanga pamoja kwa kuwa zina ugonjwa mmoja. Ludwig Breakbeats, iliyobuniwa pamoja na Questlove, mpiga dramu wa bendi ya The Roots, na kutoka mwaka 2013, ina kiki ya inchi 16 kwa 14, na watengenezaji wenyewe waliona haja ya kuweka kinyanyulio ndani ya boksi, jambo ambalo nawapongeza. Pearl Midtown ina kiki ya vipimo hivyo hivyo. Sonor AQ2 Safari, ambayo ni ya mbao ya maple na ni ghali kuliko hizo mbili, ina kiki ya inchi 16 kwa 15. Zote ni vyombo vya heshima, na kwa muziki wa taratibu zitakaa. Kwa sebene, andaa tofali.

Kuhusu seti za bei ya chini sina mengi. Pearl Roadshow huja na stendi, kiti na matoazi, na ipo yenye kiki ya inchi 18, kwa hiyo anayeanza anaweza kuichukua na kubadilisha matoazi baadaye. Seti zisizo na jina ambazo zimejaa madukani Kariakoo zina miguu inayolegea, na kuibadilisha kutakugharimu muda mwingi kuliko ulivyodhani.

Hapa ndipo nalazimika kusema neno kuhusu wauzaji, kwa sababu kosa langu la kwanza sikulifanya peke yangu. Tangazo lilikuwa na picha ya dramu kamili, matoazi yakimetameta, na chini yake maneno mawili tunayoyajua: "seti kamili". Nilipofungua boksi nilikuta mizinga minne na mfuko wa skrubu. Pedali, stendi, kiti na matoazi vyote vilikuwa vya kununua upya, na kwa jumla viligharimu zaidi ya ngoma zenyewe. Bei nayo haikuwa imeandikwa popote; ukiuliza unajibiwa "njoo inbox", na ukienda huko unaulizwa kwanza uko wapi na unafanya kazi gani, kana kwamba bei inapimwa kwa mshahara wa mteja. Wengine bado wanakutajia dola, ingawa kanuni za mwaka 2025 zilipiga marufuku kupanga bei za bidhaa kwa fedha za kigeni humu nchini. Uliza kwa shilingi, kwa maandishi, na uorodheshewe kila kilichomo ndani ya boksi.

Zulia nalihesabu kuwa sehemu ya manunuzi. La mita 2 kwa mita 1 na nusu linatosha kwa seti hizi, na kwenye kona finyu zaidi unaweza kulikunja upande mmoja. Lazima kiti chako kikae juu yake, kwa maana uzito wako ndio unaolizuia zulia lisiteleze pamoja na ngoma. Chagua lenye mgongo wa mpira, kisha uinue pete ya mbele ya kiki kwa unene wa kidole ili uzito ulale kwenye miguu.

Unapokwenda dukani, beba pedali yako na uombe kiki ifungwe miguu na kuwekwa kwenye sakafu tupu, kisha upige mapigo thelathini ya nguvu. Muuzaji wa mwisho niliyemwomba hivyo aliniambia, "Dada yangu, ngoma haitembei yenyewe, labda unaipiga vibaya." Nikamwomba akae yeye apige. Alifika pigo la kumi na mbili akaacha, kwa sababu ilikuwa imebakiza shubiri moja kulifikia kabati la vioo.