Kaliba ya bastola: nilijaribu tatu, nikabaki na milimita tisa

Nauza mahindi kwa jumla hapa Nakuru, na msimu wa mavuno natembea na pesa za wakulima. Ombi langu la leseni ya bastola lilipokubaliwa, kila mtu alikuwa na ushauri kuhusu kaliba, yaani ukubwa wa risasi. Shemeji yangu alishikilia nichukue .45, eti ndiyo inayoangusha mtu. Muuzaji wa duka la kwanza nililoingia alitazama mikono yangu, akanitolea kibastola cha .380 na kusema hicho ndicho cha akina mama. Nashukuru sikununua siku ile, maana cheti huandikwa aina ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ukikosea, huendi kubadilisha kama viatu.

Mwalimu wa shabaha, mwanajeshi mstaafu, aliniwekea bastola tatu mezani na karatasi umbali wa mita 7. "Mama, kwanza mkono wako useme," akaniambia.

Nilianza na .45, bastola ya chuma ya muundo wa 1911 wa John Browning. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 15 hivi, mara mbili ya ile nyepesi ya milimita tisa. Teke lake halikuwa la kutisha, linasukuma kuliko kuchapa. Ila mshiko ulinishinda, na magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ilibeba risasi saba tu. Nilipofika ya tano kiganja kilikuwa kimeshahama.

Ile .380 ndiyo iliyonishangaza. Risasi ni dhaifu kuliko ya milimita tisa, lakini bastola yenyewe ni nyepesi, na slaidi yake, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukifyatua, huzuiwa na springi na uzito wake tu, basi teke lote linaishia kwenye kiganja. Kidole gumba kiliniuma hadi jioni. Ningeinunua kwa sababu ni ndogo, ningeifungia kabatini bila kufanya mazoezi.

Halafu Glock 19 ya milimita tisa. Magazini yake hubeba risasi 15. Kati ya risasi kumi, tisa ziliingia ndani ya duara la ukubwa wa kisahani cha chai, na bado nilikuwa na nguvu za kuendelea.

Niliuliza kama haina nguvu ya kutosha. Mwalimu akanieleza habari ya FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani: baada ya mapambano ya risasi na majambazi huko Miami mwaka 1986 walihamia risasi kubwa zaidi, milimita kumi kisha .40, lakini mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikapendekeza kurudi kwenye milimita tisa. Risasi za kisasa zilikuwa zimepunguza ile tofauti, na askari wao walilenga vizuri na haraka zaidi.

Kwangu lililoamua ni mabati. Ghala langu ni la mabati, na nyuma yake kuna familia yenye watoto watatu. Hakuna hata moja kati ya kaliba hizi inayozuiwa na bati. Risasi nitakayokosa nayo shabaha itaenda kwa jirani, iwe kubwa au ndogo. Nilitaka ile ninayoweza kuiweka mahali ninapotaka, hata mikono ikitetemeka.

Sasa ni mwaka mzima ninayo. Shida yangu kubwa imekuwa kuivuta slaidi nyuma, springi yake ni ngumu. Dawa niliyofundishwa ni kuishika slaidi imara kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisukuma bastola mbele, badala ya kuvuta kwa vidole.

Na ukinunua risasi, soma boksi lote. Zile za .380 huitwa pia 9mm Kurz au 9mm Corto, ganda lake lina urefu wa milimita 17. Za bastola yangu ni 9×19, yaani ganda la milimita 19, zinaitwa pia Luger au Parabellum. Ni risasi mbili tofauti, na nimeshawahi kupewa zisizo zangu dukani. Nilizirudisha kabla sijatoka mlangoni.